Kona ya Dada: Karatasi Kwanza, Kamera Baadaye



Mdogo wangu mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni hapa Houston, ameniandikia barua ndefu kwa mkono. Anaishi mtaa wa Gulfton na mama yake na wadogo zake watatu. Walifika Texas akiwa na miaka 11, wakitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma. Anasema kiyoyozi chao cha dirishani kimekufa tangu mwezi wa tano. Mama ameshakwenda ofisini kwa meneja mara nne, na kila akienda anajibiwa kwamba fundi yuko njiani. Nyuma ya kabati la watoto ukuta umeota kuvu. Usiku wanalala wote jikoni, sakafuni kwenye vigae, maana ndipo penye ubaridi kidogo.

Yeye na wenzake 12 chuoni wameunda kikundi cha kutetea makazi ya bei nafuu yanayohimili joto na mafuriko. Wanataka kupiga video ndani ya nyumba zao, wazirushe mitandaoni, kisha waandamane hadi kwa meya. Mama atatangulia na bango. Ananiuliza, "Dada, unatushauri nini?"

Mdogo wangu, nimeisoma barua yako mara tatu. Nimefurahi kwamba hasira yako umeipeleka kwenye kikundi, hukuifungia chumbani. Maandamano ni haki yenu na huenda siku yake ikafika. Lakini video naomba isubiri. Kwenye mkataba wa pango kuna jina la mama yako. Jina lako halimo. Nawe nikueleze kwa nini dada yako analishikilia hilo.

Mwaka 2017 kimbunga Harvey kilipoufunika mji huu kwa mvua ya siku kadhaa, nami nilikuwa mwanafunzi. Tulikuwa tukiishi si mbali na mkondo wa Brays Bayou, na maji yaliingia nyumba zote za chini. Jirani yetu alikuwa mama mmoja wa Uvira, kule Kongo. Hatukuwa na udugu wa damu, ila wote tulimwita shangazi. Maji yalipotoka yaliacha mstari wa kahawia kwenye kochi lake, kimo cha goti, umenyooka kama uliopigwa kwa rula. Wiki mbili zilipita, zulia bado limelowa na ofisi haijatuma mtu. Mimi, kwa moyo wangu wote, nikawaleta waandishi wa televisheni. Shangazi akawafungulia mlango, akawaonyesha kochi, akawaonyesha godoro lililoanikwa kwenye reli ya ngazi, na dawa za pumu za mtoto. Mimi ndiye niliyekuwa nikitafsiri. Jioni ile tulikusanyika kwa jirani kutazama habari, na alipotokea tukapiga vigelegele.

Mkataba wake ulikwisha mwezi wa 12. Ofisi ikamwambia hautaongezwa. Hapa Texas muda wa mkataba ukiisha, mwenye nyumba halazimiki kutoa sababu ya kutouendeleza, na hawakutoa. Akahamia mbali, kazini anafika kwa mabasi matatu. Siku ya kuhama alinipikia sombe, akanishika kichwa, akaniombea masomo yangu. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Baadaye nilipoisoma sheria ndipo nilipojua nilikosea wapi. Sheria ya jimbo inamzuia mwenye nyumba kulipiza kisasi kwa miezi 6, kwa kumfukuza mpangaji, kumpandishia kodi au kumkatia huduma. Lakini inataja ni matendo gani ya mpangaji yanayolindwa: kuomba matengenezo kwa mwenye nyumba, kulalamika kwa mamlaka ya serikali, kujiunga na chama cha wapangaji, na mengine ya namna hiyo. Kamera ya televisheni haimo. Shangazi hakuwa na barua, hakuwa na namba ya malalamiko ya jiji, wala chama. Alikuwa na mimi tu, binti mwenye Kiingereza kizuri.

Kwa hiyo, wadogo zangu, utaratibu wenyewe ndio huu: karatasi kwanza. Mama aandike barua kwa Kiingereza, yenye tarehe, ikieleza kitu gani kimeharibika na tangu lini, aitume kwa njia ya rejista ile inayorudisha saini ya mpokeaji, na abaki na nakala. Kwenda ofisini mara nne kuongea kwa mdomo kumemchosha bure, na asiyetaka kumkumbuka atasema hajawahi kumwona. Barua ikifika, siku 7 kwa kawaida ndizo zinazohesabiwa kuwa muda wa kutosha wa kuanza kushughulikia. Kisha pigeni 311, laini ya jiji, mchukue namba ya malalamiko na kuiandika palepale. Ndipo muwakusanye majirani na kuunda chama cha wapangaji, hata kama ni watu watano na chai ya tangawizi. Sasa mtu akiwagusa, amewagusa mkiwa ndani ya kinga.

Halafu kuna hili, na hapa nasema kwa sauti ya ukali kidogo: kodi ilipwe. Kila majira ya joto anatokea mtu mwenye maneno matamu anayewaambia wapangaji wagome kulipa mpaka watengenezewe. Texas jambo hilo linaua. Ukiwa na deni la kodi wakati unapeleka taarifa, wajibu wa mwenye nyumba kutengeneza unaondoka, na notisi ya kutoka inaweza kuwa ya siku 3 tu. Nimeona familia iliyokuwa na haki zote ikitolewa vyombo nje kwa sababu ya mwezi mmoja wa ushujaa.

Sasa tuje kwenye joto lenyewe, maana hapo wanafunzi ndipo mnapoweza kufanya kazi ambayo hakuna mwingine ataifanya.

Agosti 2020 wakazi wa kujitolea walifunga vipimo kwenye magari yao wakazunguka Houston na viunga vyake siku moja, asubuhi, mchana na jioni, wakipima joto la hewa mtaa kwa mtaa. Mahali palipopatikana kuwa na joto kali kuliko pote mchana ule palikuwa Gulfton: nyuzi 103 za Farenhaiti na ushei, yaani karibu 40 za Selsiasi. Kati ya hapo na mahali palipokuwa na ubaridi zaidi kulikuwa na tofauti ya nyuzi 17 za Farenhaiti. Mji mmoja, saa ileile, jua lilelile.

Sababu unaiona ukisimama tu kwenye maegesho ya apatimenti zenu. Gulfton ilijengwa haraka miaka ya 1970, mafuta yalipokuwa yakimwaga pesa Houston, kwa ajili ya vijana waliokuja kufanya kazi, wasio na watoto, wenye magari. Majengo ya ghorofa mbili yamebanana, yamezungukwa na lami. Bustani na miti ya kivuli haikuwa hesabu yao. Miaka ya 1980 bei ya mafuta ilipoporomoka vijana wale wakaondoka, kodi zikashuka, na nyumba zikajazwa na familia za wahamiaji, kwanza kutoka Amerika ya Kati, na miaka ya karibuni kutoka kwetu pia. Mtaa uliopangwa kwa ajili ya kijana mmoja na gari lake sasa unalea watoto. Lami inakula jua mchana kutwa na kulitapika usiku.

Lakini namba ile ya 2020 ni ya barabarani. Chumbani kwa mama yako ni namba gani? Hakuna anayejua. Na sheria ya jimbo ya matengenezo haitaji kiyoyozi kwa jina. Inazungumzia hali inayoathiri kwa uzito afya au usalama wa mpangaji wa kawaida. Ukisema "nyumba ina joto", meneja atakujibu kwamba Houston yote ina joto. Ukiweka mezani daftari linaloonyesha usiku 14 mfululizo ambao chumba anacholala mtoto hakikushuka chini ya nyuzi 90, mazungumzo yamehama. Sasa tunazungumzia afya.

Mwalimu wa walimu katika kazi hii ya kuhesabu yuko mji huuhuu. Mwaka 1979 Robert Bullard, msomi wa sosholojia katika Chuo Kikuu cha Texas Southern, aliombwa na mkewe Linda McKeever Bullard, mwanasheria, amsaidie katika kesi ya wakazi wa Northwood Manor, mtaa wa watu Weusi wenye nyumba zao, uliokuwa unaletewa dampo la taka. Alichukua wanafunzi wake wa darasa la utafiti wakaingia kwenye kumbukumbu za jiji na mitaani, kuhesabu taka za Houston zimekuwa zikitupwa wapi. Wakakuta madampo yote 5 ya jiji yalikuwa kwenye mitaa ya Weusi, na matanuri 6 kati ya 8 ya jiji ya kuchomea taka vilevile, wakati Weusi walikuwa robo tu ya wakazi. Kesi yenyewe walishindwa mwaka 1985. Dampo likabaki. Ila hesabu ile ya wanafunzi haikufa. Iliingia vitabuni, ikazaa taaluma nzima ya haki ya mazingira, na leo Bullard anaitwa baba yake. Mimi napenda kuikumbuka sehemu ya wanafunzi, ambao majina yao wengi wetu hatuyajui, wakifungua mafaili yenye vumbi na kuendesha gari kwenda kuhakikisha kwa macho.

Basi nanyi nunueni vipimajoto, vile vidogo vya dola chache. Kila kimoja kiwekeni pale watu wanapolala, kimo cha kitanda, mbali na dirisha na mbali na jiko. Someni mara tatu kwa siku: saa tisa alasiri, saa nne usiku, saa kumi na moja alfajiri. Ile ya usiku ndiyo nzito kuliko zote, kwa sababu usiku ndio mwili unapojitengeneza. Joto lisiposhuka, mzee na mtoto mchanga hawana saa ya kupumzika. Julai 2024, kimbunga Beryl kilipokata umeme kwa wateja zaidi ya milioni 2 wa eneo la Houston, kipimajoto changu siku ya tatu kilisoma 94 saa nne usiku. Nilikuwa nimelowesha kanga nikaitandika juu ya mwanangu. Baada ya nusu saa ilikuwa imekauka kabisa, imekakamaa kama iliyopigwa pasi.

Nawaonya jambo dogo ambalo nimeliona likiharibu kazi nzuri. Mama zetu wanahesabu saa kwa Kiswahili. Mama mmoja aliandika wiki mbili, kwa bidii, "saa 9, 97". Kijana aliyeingiza namba kwenye kompyuta akaweka saa 9, akaona ni asubuhi. Kisha "saa 4" ya usiku ikawa alasiri. Daftari zima likageuka, na aliyelisoma ofisini akasema wapangaji hawa wanabuni. Kwa hiyo chapeni karatasi yenye safu tatu tu, kila safu na picha yake: jua, mwezi, na jogoo. Mama ajaze namba. Saa za Kiingereza mziandike ninyi wenyewe juu.

Kila nyumba ipeni namba, na orodha inayounganisha namba na jina aishike mtu mmoja, kwenye karatasi, nje ya simu. Msipige picha nyuso wala namba za milango. Na msimuulize mtu yeyote hali ya vibali vyake vya kuishi. Haiwahusu, na kisichoandikwa hakiwezi kuvuja. Mtu akisema leo ndiyo na kesho hapana, karatasi yake itoeni bila kumkazia macho.

Kuhusu mafuriko kuna swali moja ambalo kila mpangaji mpya alipaswa kujibiwa. Tangu Januari 2022 mwenye nyumba Texas anatakiwa kumpa mpangaji taarifa ya maandishi: kama nyumba iko kwenye eneo la mafuriko yale ya kipimo cha miaka 100 kwa kadiri anavyojua, na kama iliwahi kuingia maji katika miaka 5 iliyopita. Asipoitoa, na maji yakaja yakaharibu nusu ya thamani ya vyombo vyako au zaidi, una siku 30 za kuvunja mkataba kwa maandishi. Mikataba mingi niliyoonyeshwa mezani kwangu ilikuwa na ukurasa huo, katikati ya kurasa 40 za Kiingereza, umesainiwa na mama ambaye hakuna aliyemsomea. Kikundi chenu kikifanya hili tu, kukaa na familia 20 na kuwasomea ukurasa mmoja kwa Kiswahili, Kifaransa au Kinyarwanda, mtakuwa mmefanya kazi kubwa.

Sasa kuhusu madai yenu. Mmeniandikia orodha: miti, mapaa meupe, vituo vya basi vyenye kivuli, umeme wa akiba kwenye ukumbi wa jamii. Yote mema, na mpango wa Greener Gulfton tayari unazungumzia kivuli na kijani cha mtaa huu. Lakini kodi haimo kwenye orodha yenu. Fikirini kidogo. Miti ikikua, bustani ikipendeza, paa likibadilishwa, mtaa utaanza kutamaniwa na watu ambao jana hawakutaka kupita hapo. Houston haina kikomo cha kodi, na sheria ya jimbo inauzuia mji kuweka kikomo hicho isipokuwa kwenye dharura ya maafa, tena gavana akubali. Mama zenu wataivumilia lami miaka 10, kisha kivuli kikija wakikalie wengine. Kwa hiyo kila mnapoandika "paa" andikeni na "kodi", kwenye sentensi ileile, ili mtu asiweze kuchukua moja akaacha nyingine.

Mlango wa kudai hilo upo pale penye pesa ya umma. Nyumba nyingi za bei nafuu Marekani hujengwa au kukarabatiwa kwa nafuu ya kodi ya mapato inayotolewa na serikali kuu, iliyoanza mwaka 1986, na anayeipata hufungwa kwa miaka mingi, kwa kawaida 30 au zaidi, asipandishe pango kupita kiwango kilichowekwa. Hapa Texas mjenzi anayeiomba huhitaji pia azimio la baraza la jiji la kumuunga mkono au la kutompinga. Azimio hilo hupita kwenye mkutano wa wazi. Hapo ndipo pa kusimama na kuuliza: jengo hili lilipimwa mafuriko? Umeme ukikatika siku tatu mwezi wa saba, wazee wa ghorofa ya pili watakwenda wapi? Na waliomo humo sasa watarudi baada ya ukarabati kwa kodi gani?

Na msije mkadhani pesa hujipeleka penye shida. Mei 2021 ofisi ya ardhi ya jimbo ilitangaza mgao wa kwanza, karibu dola bilioni 1, wa kujikinga na mafuriko baada ya Harvey. Jiji la Houston, ambalo sote tuliliona likiogelea, halikupata hata senti katika mgao ule. Wakazi wa kaskazini-mashariki ya mji walilalamika rasmi pamoja na shirika la kutetea makazi, na Machi 2022 wizara ya makazi ya Marekani ikasema mgao ulivyofanywa uliwabagua watu kwa rangi na kwa asili ya taifa. Asili ya taifa, wadogo zangu. Hiyo ni sisi.

Limebaki la mama na bango. Baraza la jiji husikiliza wananchi Jumanne, kila anayejiandikisha hupewa dakika zake chache. Kuna kifungu cha sheria ya Texas cha mwaka 2019 ambacho natamani kila nyumba ya Waswahili hapa ikijue: mahali ambapo muda wa kuzungumza umewekewa kikomo, na hakuna vifaa vya ukalimani wa papo kwa papo, anayezungumza kupitia mkalimani lazima apewe angalau mara mbili ya muda wa wengine. Mama yako akiwekewa dakika 2, ana haki ya 4. Basi asimame aseme kwa Kiswahili chake cha Kivu, kilichonyooka, bila kujikunyata kwa Kiingereza cha kubahatisha.

Ila asitafsiriwe na wewe. Najua umekuwa mdomo wake tangu una miaka 11, hospitalini, benki, shuleni kwa wadogo zako. Ni kwa sababu hiyohiyo. Mtoto akimtafsiri mama yake hulainisha. Mama akisema "nimedharauliwa", wewe utasema "hakuridhika". Na kuna mambo mama hatayasema ikiwa yanapitia kinywani mwako: kwamba usiku huwa analia, kwamba amewahi kufikiria kurudi kambini. Ombeni mkalimani mapema mnapojiandikisha, au mchukue mtu mzima mnayemwamini. Wewe keti nyuma yake na lile daftari la jua, mwezi na jogoo, na nakala 17 za kuwapa wakubwa: wajumbe 16 na meya wao.

Mazoezi myafanye nyumbani, mezani, na saa ya simu ikihesabu. Mwanzo atazungumza dakika 9 na ataanza tangu vita. Mwacheni amalize, hata mara mbili. Mara ya tatu mwombe aanze na usiku wa jana.

Na barua ya rejista iende wiki hii, mdogo wangu, usisubiri kikundi. Kipimajoto kiweke leo hapo jikoni mnapolala, kimo cha mto. Saa nne ikifika mwite mama aisome namba yeye mwenyewe na aiandike kwa mkono wake, kisha uniandikie ilikuwa ngapi.

Dada yenu.